Wakiwakaba mtu kwa mtu hadi ndani ya boksi lenu, mtatokaje kwa pasi?

“Nafundisha timu ya vijana chini ya miaka 17. Tunacheza 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu) na nimewazoesha kuanza nyuma kwa pasi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka tulipokutana na timu moja ambayo kila mchezaji wao alichukua mtu wake, uwanja mzima. Tukipiga goli kiki wanatuvamia mpaka ndani ya boksi. Tulifungwa 4-0, na mabao matatu tulipokonywa mpira mlangoni kwetu. Mapumziko niliwaambia wapige pasi za haraka zaidi, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Viongozi na wazazi wanasema tubutue tu. Tunarudiana nao baada ya wiki tano. Tuna mazoezi mara mbili kwa wiki, uwanja ni wa vumbi, na kipa wangu hana miguu mizuri. Niendelee na pasi au niache?”

Pole na kipigo hicho, kocha. Naona umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Moja ni la uwanjani: kila kijana akiwa na mtu wake mgongoni, mpira unakwenda wapi? La pili ni la nje ya uwanja: je, wanaosema mbutue wako sahihi, na wewe umewapotezea watoto muda? Nianze na hilo la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi. Hukuwapotezea muda. Uliwafundisha pasi za kuwashinda watu wanaokaba eneo, halafu ukakutana na watu wanaokaba mtu, na dawa ya hao si dawa ya hawa.

Ndiyo maana agizo lako la mapumziko liligeuka sumu. Timu inayokaba eneo huhama yote pamoja kuufuata mpira, na kwa kuwa mpira unakimbia kuliko miguu, pasi za haraka za kulia na kushoto huwachelewesha na nafasi inafunguka upande wa pili. Timu inayokaba mtu kwa mtu haihitaji kuhama. Mkabaji yuko tayari mgongoni kwa mpokeaji kabla pasi haijapigwa. Ukiharakisha pasi, unauwahisha mpira kwenye matatizo, tena kwa kijana ambaye hajapata hata sekunde ya kuchungulia bega lake. Mabao yale matatu nina hakika yanafanana: beki amepiga haraka, kiungo amepokea akiwa ameipa mgongo goli la wapinzani, mguu wa adui umepita katikati ya miguu yake, kwisha.

Sasa tuutazame huo ukabaji wenyewe, maana una zawadi ndani yake ambayo makocha wengi hawaioni kwa sababu ya kelele za presha. Anayekaba eneo analinda kipande cha uwanja. Ukihama, yeye habanduki. Anayekaba mtu amekukabidhi miguu yake. Ukienda kwenye mstari wa pembeni, anakuja. Ukirudi langoni kwako, anakuja. Maana yake ni kwamba siku ya mechi hiyo vijana wako ndio watakaowapanga wapinzani wasimame wapi. Wewe ukiwaambia mawinga wako wakae chokaani, mabeki wawili wa wapinzani nao watakaa chokaani, na katikati patakuwa peupe. Mechi iliyopita mlikuja nyote kuusogelea mpira “kumsaidia mwenzao”, kila mmoja akaja na mgeni wake, na ndani ya boksi lenu mkawa watu kumi na wanne mnapumuliana.

Zawadi ya pili ni hesabu. Wao wana wachezaji kumi wa ndani, nanyi mna kumi. Wakikaba wote kumi kwa kumi, mtu asiyekabwa ni kipa wenu, na nyuma yao hakuna beki wa ziada hata mmoja. Wakiamua kubakiza beki wa ziada, yaani wanne dhidi ya washambuliaji wenu watatu, basi huku nyuma wamebaki sita, nanyi mko saba na kipa wa nane. Hapo mna watu wawili huru. Hakuna namna ya tatu. Kila unapotazama goli kiki, swali la kwanza liwe hilo: wamebakiza wangapi kule nyuma?

Kabla hujapanga lolote, hakikisha kwamba kweli wanakaba mtu. Timu nyingi za vijana zinaonekana hivyo, kumbe zinakaba eneo kwa ukaribu na ukali. Kipimo ni rahisi. Dakika za mwanzo mwambie winga wa kulia, namba saba, aende kushoto akakae huko kama dakika tatu. Beki wake akimfuata mpaka huko, ni mtu kwa mtu halisi. Akimwachia mwenzake na kurudi kwake, wanapokezana, na mengi ya nitakayosema yatapungua nguvu. Kipimo cha pili: mtazame anayemvamia kipa. Huyo ameacha mtu. Ni nani?

Tuanze na kipa, najua ndipo roho inapokuuma. Tangu sheria ilipobadilishwa Juni 2019, mpira wa goli kiki unakuwa mchezoni mara tu unapopigwa na kusogea. Si lazima utoke nje ya boksi kama zamani. Wapinzani lazima wawe nje ya boksi mpaka hapo. Kutoka mstari wa boksi kubwa hadi mstari wa boksi dogo ni mita 11, na kijana anayekimbia mita sita kwa sekunde anahitaji karibu sekunde mbili kuzimaliza. Hizo sekunde mbili ni mali yenu, na mechi iliyopita mlizitumia kupiga pasi ya pupa.

Namna ya kuzitumia ni kusubiri. Kipa mwenye miguu mizuri huweka mpira chini ya unyayo wake na kutulia mpaka mtu aje. Mpira uliotulia unamlazimisha mpinzani aamue: nikienda naacha mtu, nisipoenda wanacheza watakavyo. Akija, pasi inakwenda kwa yule aliyeachwa. Mara nyingi anayekuja ni straika wao, na anakuja kwa kupinda ili mwili wake uzibe njia ya beki aliyemwacha. Hapo mpira hauendi moja kwa moja kwa yule beki. Unakwenda kwa namba sita, kiungo wenu wa chini, naye kwa mguso mmoja anamrudishia beki huyo huyo aliyeachwa, ambaye sasa anatazama mbele na hana mtu.

Kwa kipa wako nisingemtwisha mzigo huo ndani ya wiki tano. Fanya hivi: beki wa kati mwenye mguu mzuri zaidi, tuseme namba nne, ndiye apige goli kiki zote. Kipa anabaki kama njia ya kurudi tu. Na hapa kuna jambo moja ambalo lisiwe la mjadala: pasi yoyote ya kumrudishia kipa ipigwe nje ya nguzo, kamwe isielekee kati ya nguzo mbili. Akikosea kutuliza, mpira utatoka na itakuwa kona. Ukielekea golini na kwenye uwanja wa vumbi ukadunda kwenye kijiwe, ni bao. Pia asiichezee mikono yake: sheria mpya inampa sekunde nane tu za kushika mpira, akizidisha wapinzani wanapewa kona.

Sasa silaha kuu, ile ambayo ningeitumia nusu ya muda wako wote wa mazoezi: mtu wa tatu. Nieleze taratibu, maana wengi huitaja kwa jina tu.

Namba nne ana mpira nje kidogo ya boksi lenu. Namba tisa, straika wenu, anashuka kutoka mbele kama mita kumi, beki wao akiwa amemganda mgongoni. Namba nane, kiungo, yuko upande wa kulia katikati ya uwanja, naye ana mkabaji wake. Namba nne anapiga pasi kali ya chini kwa tisa. Tisa hageuki, hatulizi. Anaigusa mara moja tu, inarudi kidogo na kuelekea pembeni, mbele ya njia ya nane. Nane anaipokea akiwa tayari anakimbia, uso kwa goli la wapinzani, na mbele yake pale alipotoka beki wa kati hakuna mtu. Pasi mbili, na watu sita wa wapinzani wameshapitwa na mpira.

Kwa nini inafanya kazi? Mkabaji wa nane ana vitu viwili vya kutazama, mpira na mtu wake, na macho yake yanatazama upande mmoja. Mpira unapokwenda kwa tisa, anageuza shingo kuufuata. Ndiyo ile tunayoiita kukaba kwa macho. Nane anaondoka wakati huo huo. Kutoka jicho kuona hadi mguu kuondoka hupita karibu robo sekunde, na katika robo hiyo anayekimbia mita sita kwa sekunde amekwishapata mita moja na nusu. Mkabaji anayefuata mtu daima ni wa pili kuanza. Huwezi kumwondolea kasoro hiyo hata awe na mbio za namna gani.

Itakapoharibika, na wiki ya kwanza itaharibika sana, tafuta kosa katika sehemu nne. Nane ameondoka mapema, mpira ukiwa bado mguuni mwa nne. Mkabaji wake anamwona na kumfuata. Ishara yake ya kuondoka ni mpira kutoka mguuni mwa nne, si mpira kufika kwa tisa. Pili, pasi ya nne ni laini. Kwenye vumbi inapoteza kasi na beki anawahi kumtangulia tisa. Waambie wazi: pasi ya kwenda kwa mtu anayekabwa ipigwe kwa nguvu mpaka ionekane kama ni adabu mbaya. Tatu, pasi imekwenda mguu usiofaa. Mpira uende mguu ulio mbali na mkabaji. Nne, tisa ameona sifa ya kugeuka. Straika wa miaka 16 hupenda kugeuka. Mweleze kwamba katika mechi hii kazi yake ni gusa achia, na bao atalipata kwa kukimbilia boksi baada ya kuachia.

Kuna mwendo mwingine ambao hautoi pasi wala haupigiwi makofi: kuondoka ili mwenzako apate njia. Namba sita wenu anakaa katikati mbele ya mabeki, na mkabaji wake anasimama hapo hapo, akiziba njia ya kwenda kwa tisa bila hata kukusudia. Mwambie sita atembee, asikimbie, kuelekea mstari wa kulia. Mkabaji anatembea naye. Ghafla kati ya nne na tisa pana barabara ya mita ishirini. Sita hajaugusa mpira, na ndiye aliyeitengeneza pasi. Vijana hupata shida na hili kwa sababu wamelelewa kuamini kwamba kuukimbia mpira ni kujificha. Wakati wa mazoezi msifie kwa sauti anayefanya hivyo, kuliko hata aliyefunga. La sivyo hawatalifanya mechini.

Ndugu yake huu ni mwendo wa kupishana. Namba kumi (kiungo) na namba kumi na moja (winga wa kushoto) wanakimbia kukutana, wanapishana karibu kabisa, bega kwa bega, kisha kila mmoja anaendelea na njia yake. Wakabaji wao nao wanakutana, na mmoja lazima apunguze au wagongane. Wamarekani katika futiboli yao ya kofia ngumu wameufanya kuwa mkate wa kila siku: wakikabwa mtu kwa mtu, wapokeaji wawili wanapishana katikati, chini chini. Kwetu angalia jambo moja. Vijana wapishane wakiwa kwenye mwendo wao halali. Akisimama kumzibia mkabaji wa mwenzake njia ilhali mpira uko mbali, ni faulo.

Nije kwenye butua, ambayo najua itakuletea maneno. Viongozi wako wamekosea sababu, lakini hawajakosea kila kitu. Wapinzani wakiwa wameleta watu saba mbele na nyuma yao wamebaki watatu kwa watatu, nafasi kubwa kuliko zote uwanjani iko mgongoni kwa mabeki wao. Kuipuuza kwa sababu “sisi tunacheza chini” ni ukaidi. Tofauti kati ya butua na pasi ndefu ni kwamba ya pili ina anwani.

Anwani yenyewe isiwe kichwa cha beki wao wa kati. Elekeza mpira nyuma ya beki wa pembeni, upande wa winga wako mwenye mbio, kiasi cha mita 10 kutoka mstari wa pembeni. Ukipigwa katikati, kipa wao atauwahi, pembeni atasita. Na hapa sheria ya kuotea iko upande wenu mara mbili. Mchezaji aliye kwenye nusu yake ya uwanja haotei, kwa hiyo washambuliaji wako watatu wakirudi mpaka mstari wa kati, mabeki wao watawafuata, na nyuma yao kutabaki nusu uwanja mzima mtupu. Wakianza mbio kutoka hapo wako salama. Tena, anayepokea moja kwa moja kutoka goli kiki haotei popote alipo. Kwenye goli kiki winga anaweza kusimama hata mita tano nyuma ya beki wa mwisho. Vijana wengi hawalijui hili, na nimeona hata washika vibendera wa mashindano ya mitaani wakiinua bendera kimakosa. Mwulize mwamuzi kwa heshima kabla ya mechi.

Pasi ndefu bila watu wa kuokota kinachodondoka ni kurudisha mpira kwa mwenyewe. Nane na kumi wawe wameondoka mpira ukiwa bado hewani, wafike ndani ya mita nane hadi kumi za pale utakapotua. Wakisubiri kuona nani ameshinda kichwa, wamechelewa.

Chenga nayo isisahaulike. Dhidi ya ukabaji wa eneo, ukimpita mmoja unamkuta wa pili. Hapa ukimpita mmoja, anayekuja kukuzuia lazima amwache mtu wake, na huyo aliyeachwa ndiye pasi yako. Mchezaji wako mwenye chenga mpeleke kwa mkabaji wao mzito. Unaweza kwa sababu mkabaji ni wa mtu, si wa mahali: wabadilishe nafasi mpaka upate pambano unalolitaka. Ila chenga zifanyike kuanzia mstari wa kati kwenda mbele. Mbele ya boksi lenu hapana.

Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: mtindo huo unaokutesa si wa kijinga. Mei 2024 kule Dublin, Atalanta ya kocha Gasperini, iliyokuwa ikikaba mtu kwa mtu karibu uwanja mzima, iliifunga Bayer Leverkusen 3-0 kwenye fainali ya Europa League, mabao yote ya Ademola Lookman. Leverkusen walikuwa hawajafungwa mechi 51 mfululizo, na walikuwa mafundi wa pasi. Upande wa pili, Desemba 2020 Leeds ya kocha Marcelo Bielsa ilikwenda Old Trafford kwa Manchester United na ukabaji wa aina hiyo hiyo ikala sita kwa mbili; Scott McTominay, kiungo wa United, alifunga mara mbili ndani ya dakika tatu za kwanza. Mtindo huu ni wa kupanda dau. Ukiwakuta mmesimama, wanawamaliza. Wakipitwa mara moja, hawana akiba.

Una gharama nyingine kwao: pumzi. Kumfuata mtu dakika 80 au 90 kunachosha kuliko kufuatwa, maana anayefuata hachagui lini apumzike. Vijana wa umri huo mara nyingi wataanza kuchelewa kipindi cha pili kikifika katikati. Kwa hiyo si lazima muwashinde dakika ya tano.

Kwa mazoezi kumi uliyonayo, ningegawa hivi. Wiki mbili za kwanza, kila siku ya mazoezi, chora eneo la mita 25 kwa 20, wanne kwa wanne, na mchezaji mmoja wa kupokea kila mwisho. Kila mtu apewe mkabaji wake kwa jina, na hakuna ruhusa ya kumpokonya mtu mwingine. Bao ni kuufikisha mpira kwa mpokeaji wa mwisho. Likipatikana kwa mtu wa tatu linahesabiwa mawili. Dakika nne, pumziko mbili, mara nne. Hapo watajifunza mambo mengi bila wewe kupiga kelele, hasa kwamba anayesimama hapati mpira.

Wiki ya tatu na ya nne, nenda nusu uwanja. Anza kila mara na goli kiki halisi, wapinzani nje ya boksi, kumi na moja kwa kumi kama una idadi. Ukiwa na pungufu ondoa winga mmoja mmoja kila upande. Rudia goli kiki kumi na mbili hadi kumi na tano, si zaidi, maana wakichoka wanaanza kujifunza makosa. Waambie wanaokaba wakabe kwa nguvu zote, tena wapewe motisha: wakipora mpira na kufunga ndani ya sekunde nane, bao mbili. Wenzao lazima waonje presha yenyewe. Wakati huo mpe kipa robo saa yake pembeni na msaidizi: pasi za mita 10 na 20, miguu yote miwili, mpira ukimjia ukidunda kama unavyodunda uwanjani kwenu. Kwenye vumbi asitulize kwa upande wa mguu. Aushushe kwa unyayo, aone, kisha apige.

Wiki ya tano punguza. Kagueni mambo matatu tu na wapumzike.

Siku ya mechi, robo saa ya kwanza ningecheza ndefu kwa makusudi, nyuma ya beki wao wa pembeni. Hata msipofunga, mabeki wao wataanza kuogopa migongo yao na kurudi hatua tano. Hatua hizo tano ndizo zitakazompa namba tisa nafasi ya kushuka na kugusa. Kisha anzeni fupi. Kama wanamvamia namba nne kwa watu wawili, kuna mtu wenu huru upande wa pili. Pasi ya kufika huko ipitie kwa kipa au kwa sita, isivuke mbele ya goli lenu hata siku moja. Na kama mvua imenyesha uwanja ukawa tope, au mnaongoza dakika kumi za mwisho, pigeni ndefu bila aibu. Kwenye mpira wa kurusha, harakisheni: hakuna kuotea, na wakabaji huwa bado wanatafuta watu wao.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kukusaidia. Kama baada ya wiki mbili za lile zoezi la wanne kwa wanne mtu wa tatu bado hatokei kabisa, tatizo linaweza kuwa namna vijana wanavyosimama kabla ya kupokea, na hilo linahitaji jicho la mtu aliye pale. Ulizia chama cha soka cha mkoa wako mkufunzi au kocha mwenye leseni aje siku moja ya mazoezi. Kipa naye, kama anaukwepa mpira wa miguuni kwa hofu, anahitaji kocha wa makipa ana kwa ana, kumfokea kutazidisha. Na kwa kuwa mechi za kukabana mtu kwa mtu zina migongano mingi, kijana akigongwa kichwa akaonekana kuchanganyikiwa, kutapika au kulalamika kizunguzungu, anatoka, harudi siku hiyo hata akisema yuko sawa, na anapelekwa hospitali.

Kuhusu wazazi na viongozi, waite dakika kumi kabla ya mechi uwaambie watakachokiona: kwamba mtaanza ndefu, kwamba namba sita ataonekana anazurura, na kwamba mtapoteza mpira mara kadhaa. Kisha mpe mmoja wao simu, mpandishe juu ya ukuta au gari nyuma ya goli, arekodi goli kiki zenu zote. Akirekodi kutoka pembeni chini utaona miguu tu. Kutoka nyuma na juu utaona nani alimfuata nani, na nani aliachwa.